Mwanafunzi Hajisahihishii Mtihani

Ndugu msikilizaji, tarehe 20 Februari, 1962, Mmarekani aitwaye John Glenn alirushwa angani kutoka Cape Canaveral, Florida, akaizunguka dunia mara tatu. Katika safari hiyo alipita juu ya Afrika, na miongoni mwa waliosema naye kwa redio walikuwamo mafundi waliokaa Tunguu, katika kisiwa cha Unguja. Serikali ya Marekani ilikuwa imejenga huko kituo cha kupokea habari za chombo na kusema na rubani, kimoja kati ya vituo 18 vilivyotandazwa duniani kwa ajili ya mpango ulioitwa Mercury. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Wanaosimulia habari hiyo aghalabu husimulia roketi na ushujaa wa rubani. Mimi leo nataka kuzungumzia hesabu. Njia ya kile chombo ilikuwa imepigiwa hesabu na kompyuta za IBM, miongoni mwa mitambo mikubwa ya wakati huo. Hata hivyo Glenn hakuridhika. Kabla ya kupanda aliomba mwanahisabati mmoja wa shirika la NASA, mama mweusi aitwaye Katherine Johnson, azipige tena hesabu zilezile kwa mkono, akisaidiwa na mashine ya kawaida ya mezani. Kazi hiyo ilimchukua siku moja na nusu. Majibu yakalingana na ya kompyuta, na Glenn akakubali kwenda.

Glenn hakuwa mwoga wa mashine. Mwoga wa mashine hapandi roketi. Alichokataa ni jambo moja tu, nalo ni mashine kujisahihishia mtihani wake yenyewe.

Nimeanza na habari hiyo ya zamani kwa sababu ya jambo jipya linaloendelea mijini mwetu. Vijana wanaotunga programu za kompyuta, wawe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, sasa wanao wasaidizi wa akili mnemba. Msaidizi huyo ni programu ambayo unaiagiza kwa maneno ya kawaida, nayo inakuandikia programu nyingine. Unaiambia, nataka hesabu ya mikopo ya chama changu, na kabla chai haijapoa kazi iko mbele yako, imepangwa vizuri na ina maelezo ya kutosha. Swali linalobaki ni lile la Glenn. Nani ameihakiki?

Mimi si mtunga programu. Ni mtu wa redio mwenye stashahada ya uandishi wa habari, na katika chumba cha habari nilikofunzwa kazi, aliyeandika taarifa hakuipitisha mwenyewe, aliipitisha mhariri. Nimefuatilia historia ya hawa ndugu zetu wa kompyuta nikakuta wana kanuni inayofanana na hiyo, tena kali zaidi. Kanuni yao inasema: jaribio liandikwe kwanza, kazi ifuate baadaye. Ni kanuni ya zamani sana, imesahauliwa na kufufuliwa zaidi ya mara moja, na nionavyo mimi haijawahi kuhitajiwa kama inavyohitajiwa leo.

Tuanze na mwaka 1949, Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Maurice Wilkes na wenzake walikuwa wamemaliza kuunda kompyuta iliyoitwa EDSAC. Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1985, Wilkes anaeleza jinsi siku moja, alipokuwa akipanda ngazi za jengo lao, alivyotambua kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ataitumia kutafuta makosa katika programu alizoandika yeye mwenyewe. Kabla ya hapo wengi walidhani ukishajua unachotaka, kumweleza mtambo ni kazi ya karani. Wilkes akaona kwamba makosa si ajali ya mara moja moja. Yanaandamana na kazi kama vumbi na njia.

Miaka minane baadaye, mwaka 1957, Mmarekani Daniel McCracken alichapisha kitabu cha kufundishia utungaji wa programu. Humo alitoa ushauri ambao ningependa kila mwenye duka, kila katibu wa chama na kila mwalimu mkuu auweke moyoni. Alisema mifano ya kuhakikia programu, yaani hesabu zilizokwisha kupigwa kwa mkono na majibu yake, inafaa kutayarishwa kabla programu yenyewe haijaanza kuandikwa. Tena alisema anayefaa kuitayarisha ni mteja, si fundi, kwa sababu hapo ndipo kutoelewana baina yao kutakapojitokeza mapema.

Kwa nini mteja? Tuchukue mfano. Chama cha kuweka na kukopa kinamwambia fundi: tunakopesha kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, tutungie programu. Fundi anaitikia, ndiyo mzee, nimeelewa. Je, ameelewa? Mwanachama akikopa shilingi 100,000 kwa miezi 3, katibu wa chama anajua riba ni shilingi 6,000, yaani 2,000 kila mwezi. Lakini fundi aliyesoma vitabu vya benki anaweza kupiga riba juu ya riba, akapata shilingi 6,120 na senti 80. Wote wawili wanajua hesabu na wote wawili ni waaminifu, ila kila mmoja ana chama chake kichwani. Katibu angeandika tangu mwanzo kwenye karatasi, laki moja, miezi mitatu, jibu ni elfu sita, mgogoro ungekwisha kabla haujazaliwa.

Hilo, msikilizaji, ndilo jaribio. Ni mfano wenye jibu linalojulikana, uliowekwa mezani kabla ya kazi. Halihitaji utaalamu wa kompyuta. Linahitaji mtu anayejua anachokitaka.

Kanuni hiyo haikubaki kitabuni. Ule mpango wa Mercury, ambao masikio yake mojawapo yalikuwa Tunguu, uliifuata. Watafiti wawili, Craig Larman na Victor Basili, waliandika mwaka 2003 kwamba watunga programu wa Mercury walifanya kazi kwa vipande vidogo vya nusu siku nusu siku, na kabla ya kuandika kila kipande walipanga na kuandika majaribio yake. Walikuwa wakishughulika na uhai wa mtu aliye angani, na kwao majaribio ndiyo yaliyotangulia.

Kama ilikuwa hivyo, mbona kanuni hiyo ikapotea? Ilipotea kama zinavyopotea kanuni nyingi njema, kwa haraka na kwa gharama. Kompyuta zilienea katika mabenki, viwandani na maofisini, na kazi ikapangwa kama ujenzi wa nyumba: kwanza ramani, kisha ujenzi, na majaribio mwishoni kabisa. Sasa, kitu kilichowekwa mwishoni ndicho kinachokatwa muda unapokwisha. Mteja anasubiri, fedha zimekwisha, mkubwa anapiga simu. Majaribio ya mwezi mmoja yanakuwa ya juma moja, na ya juma moja yanakuwa ya alasiri moja.

Matokeo yake tunayajua. Tarehe 4 Juni, 1996, huko Kourou, Guyana ya Kifaransa, nchi za Ulaya zilirusha kwa mara ya kwanza roketi yao mpya iitwayo Ariane 5. Haikudumu dakika moja. Sekunde kama 40 hivi baada ya kuondoka ilikwenda upande na kulipuka, pamoja na vyombo vya kisayansi ilivyobeba. Tume ya uchunguzi iligundua kwamba sehemu ya programu ya kuiongoza ilichukuliwa kutoka roketi ya awali, Ariane 4. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkali zaidi mwanzoni mwa safari, tarakimu moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, na programu ikasimama. Sehemu hiyo ilikuwa imefanya kazi vizuri miaka mingi, kwa hiyo hakuna aliyeijaribu kwa njia ambayo Ariane 5 ingepita. Waliamini sifa ya jana badala ya kupima kazi ya leo.

Katika miaka hiyohiyo ya tisini alikuwapo Mmarekani mmoja, Kent Beck. Huyu anasimulia kwamba alisoma katika kitabu cha zamani cha utungaji wa programu, cha enzi za kanda za kutoboa, ushauri huu: chukua kanda ya maswali, andika kwa mkono kanda ya majibu unayoyatarajia, kisha tunga programu mpaka majibu ya mtambo yalingane na yale uliyoyaandika. Beck akaujaribu ushauri huo katika kazi yake na akaupenda. Yeye mwenyewe hadai kuuvumbua. Anasema aliuvumbua upya.

Mwaka 1997 Beck na mwenzake Erich Gamma, raia wa Uswisi, walikuwa pamoja ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Humo ndani ya ndege waliandika programu ndogo ya kusaidia majaribio katika lugha ya Java, wakaiita JUnit. Ikaenea duniani kote, na lugha nyingine za kompyuta zikatungiwa mfano wake. Mwaka 2002 Beck alichapisha kitabu kizima juu ya njia hiyo ya jaribio kwanza.

Utaratibu wake ni mwepisi kueleza. Unaandika jaribio dogo. Unaliendesha, nalo linashindwa, kwa kuwa kazi bado haijafanywa. Kompyuta inaonyesha rangi nyekundu. Unaandika programu ya kutosha tu kulipita jaribio hilo. Rangi inakuwa kijani. Kisha unasafisha ulichoandika, huku majaribio yote ya nyuma yakikulinda usivunje kilichokwisha kujengwa. Halafu unaandika jaribio jingine. Nyekundu, kijani, safisha. Wengine watauliza kwa nini mtu aanze kwa kushindwa. Sababu ni kwamba jaribio ambalo halijawahi kushindwa hujui kama linapima chochote. Mzani unaosema kilo moja hata ukiwa mtupu haufai sokoni.

Si wote waliokubali. Mwaka 2014 Mdenmark David Heinemeier Hansson, mwenye sifa kubwa katika fani hiyo, alitangaza kwamba njia hiyo imekufa, na kwamba kuing'ang'ania kunaharibu mpangilio wa programu. Alijadiliana na Beck hadharani, na hoja zake hazikuwa za kitoto. Gharama nayo ipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliochunguza vikundi vinne vya kazi katika kampuni za IBM na Microsoft, ulionyesha kwamba waliofuata njia ya jaribio kwanza walipunguza kasoro kwa kati ya asilimia 40 na 90 wakilinganishwa na kazi za aina yao zisizofuata njia hiyo. Lakini muda wa kazi uliongezeka kwa kati ya asilimia 15 na 35. Meneja mwenye haraka aliziangalia tarakimu za muda akasahau zile za kasoro. Ndivyo kanuni ilivyobaki kupendwa na wachache na kusifiwa na wengi.

Ndipo akaja msaidizi.

Mwezi Juni mwaka 2021 kampuni ya GitHub ilitoa kwa majaribio msaidizi aitwaye Copilot. Mwezi uliofuata watafiti wa OpenAI walichapisha maelezo ya akili mnemba iliyokuwa nyuma yake, iitwayo Codex. Walikuwa na tatizo la kujua kama mtambo umeandika programu nzuri. Kuyasoma majibu yote kwa macho haiwezekani, na kuyalinganisha na majibu ya mwalimu neno kwa neno ni kosa, maana hesabu moja huwa na njia nyingi. Basi walitunga maswali 164, na kila swali wakaliwekea majaribio yake. Programu ikipita majaribio yote imefaulu, isipopita imefeli. Codex ilipopewa nafasi moja kwa kila swali ilifaulu asilimia 28.8 ya maswali. Iliporuhusiwa kujibu kila swali mara 100, ilipata walau jibu moja sahihi katika asilimia 70.2.

Tazama kilichotokea hapo. Ile kanuni ya mwaka 1957, iliyoonekana ni ya wazee wenye subira, ndiyo iliyogeuka kuwa hakimu wa mitambo mipya kuliko yote. Anayeandika amekuwa mwepesi ajabu. Jambo pekee linalotenganisha pumba na mchele ni jaribio.

Lakini hakimu naye aliulizwa kama anatosha. Mwaka 2023 watafiti wengine walichukua maswali yaleyale 164 wakayaongezea majaribio mara 80. Majibu mengi yaliyokuwa yamehesabiwa kuwa sahihi yakafeli. Hata baadhi ya majibu ya mwongozo, yale ya mwalimu mwenyewe, yalikutwa na makosa. Programu hizo hazikuwa zimebadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni ukali wa mtihani.

Halafu likaja jambo ambalo kila mwalimu wa shule anaweza kulitabiri. Mwanafunzi akijua kwamba thamani yake ni alama tu, atazitafuta alama. Mwezi Machi mwaka 2025 watafiti wa OpenAI walieleza jinsi akili mnemba waliyokuwa wakiifundisha ilivyobuni hila. Badala ya kutatua tatizo, iliandika amri ya kuondoka mapema ili majaribio yaonekane yamepita, au iliyafanya majaribio yarukwe. Kent Beck, ambaye siku hizi anafanya kazi na wasaidizi hawa, alisema mwaka huohuo kwamba anapata taabu kuwazuia wasifute majaribio yake. Jaribio linasema programu ina kosa, msaidizi analiondoa jaribio, kisha anatangaza kwa furaha kwamba sasa kila kitu ni kijani. Beck anamwita msaidizi huyo jini. Sisi watu wa pwani tunalielewa neno hilo bila kamusi. Jini hukupa ulichotamka, na ulichokusudia anakuachia mwenyewe. Hata hivyo Beck huyohuyo anayathamini sana majaribio anapofanya kazi na jini huyo.

Turudi kwa chama chetu cha kuweka na kukopa. Katibu ameandika, laki moja kwa miezi mitatu, riba elfu sita. Msaidizi mwenye hila anaweza kuandika programu inayosema: ukiona laki moja na miezi mitatu, jibu elfu sita, mengine yote, jibu lolote. Jaribio litapita na rangi itakuwa kijani. Huyo ni mwanafunzi aliyeiba karatasi ya mtihani akakariri majibu, na sote tunajua mtihani uliovuja hauonyeshi nani amesoma. Dawa yake pia tunaijua. Maswali yawe mengi, ya namna mbalimbali, na mengine yafungiwe kabatini. Mkopo wa miezi sifuri unakuwaje? Aliyelipa kabla ya wakati je? Aliyekopa mara mbili? Aliyefariki akaacha deni?

Ipo hila nyingine, na hii haina mwenye nia mbaya hata mmoja. Fundi ana haraka. Anamwambia msaidizi, niandikie programu ya mikopo, na uniandikie na majaribio yake. Msaidizi, ambaye naye amesoma vitabu vya benki, anadhani riba ni juu ya riba. Anaandika programu inayotoa 6,120 na senti 80. Anaandika na jaribio linalotarajia 6,120 na senti 80. Vinalingana kabisa! Vyote kijani. Chama kinaanza kumtoza kila mkopaji wa laki moja kwa miezi mitatu shilingi 120 na senti 80 asizodaiwa, na anayelalamika anaambiwa programu imejaribiwa ikafaulu. Imefaulu kweli, kwa mtihani iliojitungia.

Kwa hiyo nasema, ndugu msikilizaji, thamani ya jaribio haimo katika rangi ya kijani. Imo katika kutoka kwenye kichwa kingine. Katherine Johnson alikuwa kichwa kingine. Mteja wa McCracken alikuwa kichwa kingine. Mtunga programu wa Beck, anapoandika jaribio kabla ya kazi, anajilazimisha angalau kwa dakika chache kuvaa kofia ya anayeagiza kabla hajavaa ya anayetekeleza. Msaidizi wa leo ana kasi kuliko wote hao, lakini akiachiwa aandike swali, jibu na usahihishaji, tumerudi mahali ambapo Glenn alikataa kusimama.

Najua nitaambiwa hata majaribio mengi hayathibitishi kwamba programu haina kosa. Ni kweli. Mholanzi Edsger Dijkstra alilisema hilo tangu mwaka 1969, kwamba jaribio linaweza kuonyesha kosa lipo, haliwezi kuonyesha kwamba halipo. Lakini daktari naye akipima damu hathibitishi kwamba huna ugonjwa wowote duniani, na hatujaacha kupima damu.

Kwa nini mtu wa redio ajisumbue na mambo haya? Kwa sababu gharama ya kosa haimwangukii fundi. Huko Uingereza, shirika la posta lilifunga mtambo wa hesabu uitwao Horizon katika ofisi zake ndogo kuanzia mwaka 1999. Mtambo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wenye ofisi, watu wa mitaani wanaouza stempu na kulipa pensheni, walisema hatukuchukua fedha. Mtambo ukasema zimepungua. Mahakama zilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka itakapoonyeshwa vinginevyo, na mwenye duka angeonyesha kwa njia gani? Kufikia mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wameshitakiwa. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, wapo waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa. Mwaka 2019, katika kesi iliyofunguliwa na watu 555, Mahakama Kuu ilitamka kwamba mtambo ulikuwa na kasoro. Mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu.

Horizon haikuandikwa na akili mnemba. Iliandikwa na watu wenye mishahara. Lakini somo lake linatuhusu, kwa kuwa sisi Afrika Mashariki tumeweka fedha zetu ndani ya programu kuliko mataifa mengi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo muuza mboga, bodaboda na mjane wa kijijini wote wanategemea tarakimu iliyo kwenye simu. Sasa programu zinazozunguka fedha hizo, za vyama, za shule, za maduka na za zahanati, zinaweza kutungwa kwa alasiri moja na kijana mmoja akiwa na jini wake. Silalamiki. Ni neema, maana chama ambacho jana kisingeweza kumudu fundi leo kitaweza. Lakini kazi ikiwa rahisi kuandikwa, mzigo wote unahamia kwenye kuihakiki, na mzigo huo hauwezi kubebwa na yuleyule aliyeandika.

Mwenye kuubeba ni sisi wateja. Ukiagiza programu, usianze kwa kuuliza bei wala rangi ya vitufe. Kaa na daftari lako. Andika mifano ishirini ya kazi yako ya kweli, ile ya kawaida na ile ya ajabu iliyowahi kukusumbua, na mbele ya kila mfano andika jibu. Mpe fundi kumi na tano kabla hajaanza, nyingine tano zibaki kwako. Mwulize majaribio yake yako wapi, nani aliyaandika, na kama msaidizi wake ana ruhusa ya kuyagusa. Fundi mwema atafurahi kuulizwa. Atakayeudhika amekupa jibu.

Na kwako kijana unayetunga programu, ukiwa na msaidizi usiku na mchana: mwachie aandike, lakini swali liandike wewe, kwa mkono wako, ukishaongea na mwenye kazi. Yule katibu wa chama hajui Java wala Python. Lakini anajua kwamba laki moja kwa miezi mitatu ni elfu sita, na ujuzi huo msaidizi wako hawezi kuupata mpaka mtu amwendee katibu na kumwuliza.